Mashine ya Santuri Katika Sebule Ndogo

Huenda nawe unalo sanduku la santuri chini ya kitanda. Ni za baba, au za mjomba aliyekuwa mwimbaji. Hakuna mwenye moyo wa kuzitupa, wala hakuna mashine ya kuzipigia. Kwetu sanduku hilo liliingia baada ya baba mkwe kufariki, pamoja na mama mkwe aliyekuja kukaa nasi. Sebule yetu ni ya kiasi kwamba ukifungua kabati la vyombo, aliyekaa kwenye kochi hana budi kusogeza magoti. Santuri zilikuwa 31. Moja ni Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo, iliyorekodiwa mwaka 1958 na waimbaji wa Kamina chini ya Padre Guido Haazen. Nyingine ni ndogo, haina hata jalada: kwaya ya kanisa lao enzi za ujana, baba mkwe akiianzisha kwa sauti yake.

Tulinunua mashine kwa macho. Dukani tuliona moja kama sanduku la safari, ya rangi ya samawati, spika zake ndani kwa ndani, bei rahisi. Tukasema, hii haitachukua nafasi. Kila Jumapili jioni tuliipiga ile santuri ndogo, na mama mkwe akafurahi sana. Baada ya miezi michache akauliza, "Mwanangu, mbona sauti ya baba yenu imekauka?" Tulidhani ni masikio ya uzee. Tukasikiliza vizuri. Kweli, kwaya nzima ilikuwa kama ina mafua.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyetufungua macho. Sauti ya santuri imo katika michirizi yake, na sindano hupita humo ikitikiswa huku na huku. Mashine nyingi za sanduku huikandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi, wakati mashine ya kawaida ya nyumbani hutumia gramu 2 hadi 3 na nusu hivi. Tena sindano ya bei ya chini mara nyingi ni ya yakuti, ambayo ncha yake huisha baada ya makumi ya saa tu. Ya almasi huenda mamia ya saa. Sindano iliyoisha ni patasi. Na mchirizi ukishalika, haurudi.

Basi, mama, ukienda kununua, uliza kwanza habari za sindano, rangi baadaye. Je, ni ya almasi? Je, inapatikana ya kubadilisha? Mkono wake unakandamiza kwa gramu ngapi? Muuzaji asipojua, karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi huwa inasema. Kisha angalia kama mashine ina kikuza sauti chake ndani. Sauti itokayo kwenye sindano ni ndogo mno, na bila kikuza sauti hicho utalazimika kununua kifaa kingine. Ikiwa nacho, unaichomeka moja kwa moja kwenye sabufa uliyonayo, na fedha ya spika inabaki kwa ada ya shule.

Sisi tuliishia kwenye AT-LP60X ya Audio-Technica. Si ya kifahari. Upana wake ni kama sentimita 36, kwenda ndani 37, na kimo hakifiki 10. Usitafute ndogo zaidi ya hapo, maana santuri kubwa yenyewe ni sentimita 30. Kilichotupendeza zaidi ni kitufe: ukikibonyeza, mkono unajiinua na kujishusha wenyewe. Mikono ya mama mkwe hutetemeka, na kwa mtoto wa miaka sita sindano ni mchezo. Ila mashine hii hupiga santuri za mizunguko 33 na 45 kwa dakika tu. Zile za kale za mizunguko 78, nzito na zivunjikazo kama sahani ya udongo, zina michirizi mipana na zinadai sindano yake maalumu.

Ndugu akikuletea mashine kuukuu kutoka Marekani, tahadhari. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Transfoma itapunguza volti, lakini haibadilishi mapigo ya umeme, ambayo kwao ni 60 kwa sekunde na kwetu 50. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo hayo, hivyo itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na sopranu zote zitageuka alto.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kosa letu lilikuwa kuipandisha juu ya kabati lile lile lenye sabufa. Besi ikipiga, kabati linatetemeka, sindano inatetemeka, na spika zinaanza kunguruma. Sabufa ikahamia chini, upande wa pili. Mashine ikae pasipoyumba, tena pawe sawasawa. Weka bilauri ya maji uone. Kile kitambaa cha kufuma tunachokipenda, kiondoe chini yake. Juu yake acha nafasi ya kifuniko kufunguka. Santuri zenyewe zisimame wima kama vitabu, mbali na dirisha la jua, wala zisirundikwe. Santuri 40 kubwa pamoja na majalada hukaribia kilo 10, kwa hiyo rafu ya misumari miwili haifai.

Kusafisha ni rahisi: kitambaa laini, maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa, yale ya dukani kwa betri, na tone la sabuni ya vyombo. Futa kwa kuzunguka kufuata michirizi, usiloweshe karatasi ya katikati. Sisi wauguzi mkono hukimbilia spiriti. Kwa zile za mizunguko 78 usithubutu, kwani spiriti huyeyusha utomvu zilikotengenezwa.

Santuri ambayo hutaipata tena, ihamishie kwenye flashi siku ya kwanza unapoipiga kwa sindano njema. Yetu tuliihamisha tukiwa tumechelewa, pamoja na mafua yake. Missa Luba haikuguswa na ile mashine ya samawati, nayo inasikika safi. Lakini mama mkwe, akishamaliza chai ya Jumapili, huuliza ile nyingine. Tunamwekea, naye huinamisha kichwa karibu na spika mpaka baba mkwe amalize kuanzisha.