Nyigu Upenuni: Kabla Hujawasha Kiberiti

Mitaani kwetu nyigu wana dawa moja inayojulikana: tambara lililolowekwa mafuta ya taa, likafungwa kwenye ncha ya mti mrefu na kuwashwa. Nyigu hufa, ni kweli. Lakini juu yao kuna makuti, au kenchi za mbao kavu, na pengine waya wa umeme umepita papo hapo. Kazi yangu ni wadudu, na moto huo unanitisha kuliko mwiba wenyewe.

Kwanza umjue uliye naye. Ukiona bonge la udongo limeganda ukutani, nyuma ya pazia au pembeni mwa fremu ya mlango, huyo ni dondora. Huishi peke yake. Hana ukoo wa kuulinda, ndiyo maana hata ukimsogelea anaendelea tu na ufinyanzi wake. Bandua bonge kwa kisu uone: ndani mna vyumba, na kila chumba kimeshindiliwa buibui waliolegea, wazima lakini hawawezi kujongea. Mama amewadunga sumu ya kupoozesha, akataga yai juu ya mmoja wao, kisha akaziba mlango. Buu likianguliwa linakuta chakula ambacho hakijaoza.

Ubaya wa dondora ni kupenda vitundu. Mwaka 1996 ndege aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walishuku kwamba mdudu wa aina hii alikuwa amejenga ndani ya mrija wa kupimia mwendo, uliokaa bila kufunikwa. Nyumbani hasara yake ni bomba lililoziba. Funga wavu mdogo kwenye ncha yake, basi.

Nyigu wa upenuni ni habari nyingine. Huyu hukwangua mbao kuukuu, akazitafuna na kuzichanganya na mate, akajenga sega la karatasi linaloning'inia kwa kikonyo chembamba. Hapo wanakaa wengi, na wanalinda. Mwiba wa nyuki una vijino, hunasa kwenye ngozi na kubaki; wa nyigu ni laini, kwa hiyo yule yule mmoja aweza kukuchoma mara tatu. Hata hivyo ni mwindaji wa viwavi, huwasaga na kuwalisha watoto wake. Kiota kilicho kwenye mwembe wa nyuma, pasipopita mtu, mimi nakiacha. Kilicho juu ya mlango kiondoke.

Kiondolewe usiku, wote wakiwa wamerudi na ubaridi umewapunguza ukali. Vaa mikono mirefu na ufunike uso. Tochi iweke chini, usiishike, kwa kuwa wakishtuka hufuata mwanga. Tia sabuni ya maji vijiko viwili vitatu katika lita moja ya maji, uwanyunyizie kwa bomba safi la kupulizia mpaka sega lote lilowe. Maji matupu humteleza nyigu. Yenye sabuni hupenya kwenye matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni mwake, naye huanguka. Asubuhi kwangua kiota pamoja na kikonyo chake. Kama kunahitajika ngazi, au uliwahi kuvimba mwili mzima kwa kuchomwa na mdudu, mwachie fundi mwenye mavazi yake.

Aliyechomwa aoshe kwa sabuni, avue pete kama ni mkononi, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Uvimbe wa mahali palipochomwa si wa kutisha. Lakini ulimi au midomo ikivimba, pumzi ikabana, kichwa kikawa chepesi au upele ukatapakaa mwilini, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyechomwa ndani ya kinywa, kwa mfano nyigu alipojificha kwenye kopo la soda.

Sega huanzishwa na jike mmoja au wachache tu, na siku zake za mwanzo halizidi ukubwa wa kifungo cha koti. Jumamosi unapopitisha fagio la buibui, inua macho mpaka upenuni. Likiwa bado dogo hivyo, ngoja jike atoke kuwinda, uliangushe kwa fagio hilo hilo.