Mtoto wa kiume akilia anapokojoa, usikimbilie dawa ya UTI

Mtoto wa miaka mitatu anabana miguu, anashika suruali na kulia kila mkojo unapombana. Katika nyumba nyingi uamuzi hutolewa hapo hapo: ni UTI. Mtu anatumwa duka la dawa kununua antibayotiki, na mtoto anaanza kunywa dawa kabla hajavuliwa nguo akaangaliwa.

Akiangaliwa, huenda tatizo likaonekana wazi. Kichwa cha uume, au govi linalokifunika, kimevimba, kinawasha na kuuma kikiguswa. Wakati mwingine hutoka majimaji yenye harufu. Kwa mtoto mweusi wekundu hauonekani kirahisi. Ngozi inaweza tu kung'aa au kuwa nyeusi zaidi. Kitaalamu hali hii huitwa balanitisi. Huwapata zaidi watoto wadogo wasiotahiriwa, na kwao kwa kawaida si ugonjwa wa zinaa.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi ni unyevu. Mkojo hubaki chini ya govi, au nepi hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Sabuni yenye manukato huchubua ngozi hiyo laini. Fangasi na bakteria nao hupata nafasi.

Chanzo kingine ni bidii ya watu wazima. Mama, bibi au dada wa kazi huvuta govi kwa nguvu ili aoshe "uchafu" wa ndani. Mtoto huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume. Huachana polepole kwa miaka, na kwa wengine hadi wanapokaribia kubalehe. Likilazimishwa huchanika, na kovu linalobaki linaweza kulifanya lishindwe kufunguka kabisa. Vile vipande vyeupe vinavyoonekana chini ya ngozi kwa kawaida ni seli zilizokufa, wala si usaha. Hutoka vyenyewe.

Afanyiwe nini nyumbani?

Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, mara mbili au tatu kwa siku. Kama kukojoa kunamuuma, mwache akojoe humo humo majini, maumivu hupungua. Usitumie sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, majivu wala dawa ya meno. Mkaushe taratibu kwa taulo laini, mvalishe chupi ya pamba isiyobana, na wa nepi apate muda wa kukaa bila nepi.

Usipake krimu iliyobaki kabatini. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi kali zinazoweza kuharibu ngozi ya mtoto.

Hospitali watafanya nini?

Tiba hufuata chanzo. Fangasi hutibiwa kwa krimu kama klotrimazoli, muwasho kwa krimu nyepesi ya haidrokotisoni kwa siku chache, na antibayotiki hutolewa bakteria wanapohusika. Mkojo unaweza kupimwa pia, kwa sababu UTI ipo, hasa mtoto akiwa na homa.

Tatizo likijirudia, daktari anaweza kupima sukari, hasa kama mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara na anakonda. Anaweza pia kushauri tohara, ambayo kwa kawaida hufanywa uvimbe ukishapona.

Usingoje kesho

Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku, ukiona dalili hizi:

- Anashindwa kukojoa.
- Govi limevutwa nyuma, limevimba na halirudi mbele. Hii ni dharura, kwa kuwa damu inaweza kushindwa kupita.
- Uvimbe au wekundu unasambaa kuelekea tumboni au kwenye korodani.
- Ana homa, au ni mtoto mchanga.

Bila dalili hizo, apelekwe zahanati kama siku mbili za maji ya uvuguvugu hazijampa nafuu.

Watoto wakubwa huumia kimya kwa aibu. Mvulana aliyezoea kusikia uume ukitajwa kama kiungo kingine chochote atasema mapema unapomuuma. Govi likishaanza kurudi nyuma lenyewe, baba au mama amfundishe kulirudisha taratibu, kuosha kwa maji, kukausha, kisha kulirejesha mbele. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayozuia lisinase.