Njiti ya Kiberiti Haithibitishi Asali: Fahamu Namna Uhalisi na Ubora Wake Unavyopimwa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mnunuzi anaposimama mbele ya chupa za asali sokoni au kando ya barabara kuu, swali lake la kwanza huwa moja: je, hii ni asali kweli? Muuzaji, kwa nia ya kumwondolea shaka, huchovya njiti ya kiberiti ndani ya asali na kuiwasha, au hudondosha tone katika glasi ya maji. Njiti ikiwaka na tone likizama, fedha hutolewa na chupa huchukuliwa.

Utaratibu huo umezoeleka kiasi cha kuaminiwa kuliko nembo ya ubora. Hata hivyo, majaribio hayo hayana uwezo wa kutofautisha asali na shira ya sukari, na madhara yake huwaangukia watu wawili: mlaji anayeuziwa asali bandia, na mfugaji nyuki mwaminifu ambaye asali yake halisi hukataliwa.

Kwa Tanzania, jambo hili si dogo. Misitu ya miombo ya mikoa ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida ni makazi ya makundi mengi ya nyuki, na kaya nyingi za vijijini hujipatia kipato kutokana na asali na nta. Imani ya mnunuzi ikipotea, kipato hicho nacho hupotea.

Kwa nini majaribio ya nyumbani hudanganya

Majaribio ya njiti, maji na karatasi hupima jambo moja tu, nalo ni uzito wa kimiminika na kiasi cha maji kilichomo. Asali ni nzito kuliko maji, hivyo huzama. Lakini shira ya sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito nayo huzama, na njiti iliyochovywa ndani yake huweza kuwaka. Kwa upande mwingine, asali halisi iliyorinwa kabla ya kukomaa huwa na maji mengi, hivyo huweza kushindwa jaribio hilo ingawa haikuchanganywa na kitu chochote. Jaribio la sisimizi nalo halina msingi, kwa kuwa wadudu hao huweza kuifuata asali halisi kama wanavyofuata sukari.

Dhana nyingine potofu ni kwamba asali inayoganda imetiwa sukari. Kuganda ni tabia ya asili. Asali yenye glukosi nyingi kuliko kawaida huganda mapema, hasa katika maeneo ya baridi, na namna inavyoganda hutegemea maua ambayo nyuki walikusanya mbochi wake. Ili kuirudisha katika hali ya kimiminika, chombo huwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, haichemshwi jikoni. Rangi pia si kigezo cha uhalisi, kwani hutofautiana kulingana na mimea na majira.

Vipimo vya maabara

Kitaalamu, maswali mawili hutenganishwa. La kwanza ni uhalisi: je, bidhaa hii imetengenezwa na nyuki na haikuongezwa kitu? La pili ni ubora: je, imerinwa, imechakatwa na kuhifadhiwa ipasavyo? Asali inaweza kuwa halisi lakini isiwe bora.

Kiwango cha kimataifa cha asali cha Codex, kinachosimamiwa kwa pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, kinaelekeza kuwa asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji. Maji yakizidi, hamira za asili zilizomo huanza kuichachusha. Kipimo hiki hufanyika kwa dakika chache kwa kifaa kidogo kinachosoma namna mwanga unavyopinda ukipita ndani ya tone la asali, na vikundi vya wafugaji nyuki vinaweza kukitumia kabla ya kufungasha.

Kiwango hicho pia kinataka jumla ya fruktosi na glukosi isipungue gramu 60 katika kila gramu 100 za asali inayotokana na maua, na sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya mezani, kwa kawaida isizidi gramu 5. Sukrosi ikipanda, ni dalili ya asali kuchanganywa na sukari, nyuki kulishwa sukari au asali kurinwa ikiwa changa.

Kipimo kingine huangalia kiwanja kijulikanacho kwa kifupi kama HMF, ambacho huongezeka asali inapopashwa moto sana au kukaa muda mrefu kwenye joto. Kikomo ni miligramu 40 kwa kilo, na miligramu 80 kwa asali ya nchi za tropiki. Vilevile hupimwa nguvu ya vimeng'enya, ambavyo huharibiwa na moto.

Kwa udanganyifu wa kitaalamu zaidi, maabara huchunguza isotopu za kaboni. Miwa na mahindi hujitengenezea chakula kwa njia tofauti na mimea mingi inayotembelewa na nyuki, hivyo sukari yake huacha alama inayotambulika. Shira ya mchele haiachi alama hiyo, ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachotosha.

Ubora huanzia mzingani

Maabara haitengenezi ubora, huuthibitisha tu. Mfugaji nyuki anashauriwa kurina masega ambayo sehemu kubwa ya vijumba vyake imefunikwa kwa nta, kwa kuwa hiyo ndiyo ishara ya asali iliyokomaa. Moshi utumike kwa kiasi ili usiharibu harufu. Asali ihifadhiwe katika vyombo safi na vikavu vinavyofaa kwa chakula, vyenye mifuniko ya kubana, kwani asali hunyonya unyevu wa hewa. Vyombo vinavyoshika kutu viepukwe kwa sababu asali ina tindikali.

Wajibu wa mwananchi

Nchini, jukumu la viwango na usalama wa chakula lipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na shughuli za ufugaji nyuki zinaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Mnunuzi anapaswa kuangalia nembo ya ubora ya TBS, jina na mahali alipo mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na uzito. Anayenunua moja kwa moja kijijini amjue mrinaji na amuulize asali ilirinwa wapi na lini. Mwenye shaka atoe taarifa TBS badala ya kuwasha kiberiti.

Ikumbukwe pia kuwa asali, hata iliyo bora, haipaswi kupewa mtoto aliye chini ya umri wa miezi 12, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kupooza kwa watoto wachanga. Wenye ugonjwa wa kisukari nao wapate ushauri wa daktari, kwa sababu asali halisi bado ni sukari.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Kwa mlaji wa leo, kumfuata nyuki ni kujua asali imetoka mzinga gani na imepita mikononi mwa nani hadi kufika mezani kwake.