Kazi Inamkwama Wapi? Utangulizi

Richmond Hill, mji ulio kaskazini mwa Toronto katika jimbo la Ontario, Kanada, Januari huingia na baridi ya chini ya sifuri. Kwa mfanyakazi mwenye selimundu, hilo si suala la koti tu. Mwili ukipigwa na baridi, ukikosa maji au ukichoka kupita kiasi, maumivu huweza kumshika ghafla. Aliyemaliza zamu salama jana, leo hawezi kuinua boksi. Baada ya siku chache amerudi, anacheka na wenzake, na msimamizi anajiuliza moyoni kama kweli alikuwa anaumwa.

Karibu, msomaji, katika taaluma ya ulemavu wa vipindi, iliyozaliwa na shaka hiyo. Makazini tumezoea watu wa aina mbili: mzima achape kazi, mgonjwa akalale. Mwenye kisukari, pumu au kifafa hana pa kukaa katika mgawanyo huo. Huku Ontario, waliosaidia sana kuuvunja ni watu wanaoishi na VVU. Dawa za miaka ya 1990 zilipowarefushia maisha, wengi walitaka kurudi kazini, ila afya ilipanda na kushuka bila taarifa. Mwaka 2008 Kelly O'Brien na wenzake walichapisha maelezo ya kitaalamu ya ulemavu huo unaokuja kwa vipindi, wakiyajenga juu ya masimulizi ya wagonjwa wenyewe. Kwetu pia VVU ndivyo vilivyofungua mlango: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inavitaja waziwazi inapokataza ubaguzi.

Sheria ya haki za binadamu ya Ontario humtaka mwajiri airekebishe kazi mpaka pale ugumu unapopitiliza. Ugumu hupimwa kwa gharama, misaada ya fedha kutoka nje, na masuala ya afya na usalama. Manung'uniko ya wafanyakazi wengine hayahesabiki, na hapo ndipo mameneja wengi hushtuka. Zaidi ya hayo, kwa kawaida mwajiri hana haki ya kujua jina la ugonjwa. Anachostahili kujua ni kazi inamkwama wapi mtu huyu: kusimama saa nyingi, kubeba mizigo, zamu za usiku? Jibu mara nyingi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye selimundu aondolewe chumba cha baridi, awe na maji karibu, apumzike kabla hajaishiwa nguvu.

Mipaka ipo. Mwaka huohuo wa 2008, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubaliana na kampuni ya umeme ya Hydro-Québec iliyomwachisha kazi mfanyakazi aliyekosekana siku 960 katika miaka saba na nusu. Mwajiri, ilisema, hawajibiki kuubadilisha mkataba wenyewe: kazi kwa mshahara. Mimi naiona hukumu hiyo ya haki, ingawa wanafunzi wangu hunipinga kila mwaka, na hoja zao si haba.

Ninalowaomba walichimbue ni jingine. Wageni wengi, Waafrika Mashariki wakiwamo, huingia maghalani kupitia mawakala wa ajira za muda. Sheria inawalinda sawasawa na wengine. Lakini mmoja wao akiomba kazi nyepesi, hafukuzwi. Simu ya zamu ya wiki ijayo tu ndiyo haipigwi, na hakuna barua ya kumpelekea hakimu.