Kuitafuta Akaunti ya Bandia kwa Saa Maalumu

Sherlock ni programu huria inayochunguza kama jina fulani la mtumiaji limesajiliwa katika mamia ya tovuti. Shule ambayo jina lake limewahi kutumiwa na matapeli yaweza kutaka uchunguzi huo urudiwe kila wiki. Katika Linux kazi hiyo hukabidhiwa kroni, mtunza saa aliyekuwamo katika Unix ya 1979. Mpangilio «0 2 * * 1» humwamuru aanze saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu (mtambo huhesabu tangu usiku wa manane, si kama sisi).

Isiendeshwe kamwe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, kwani kosa moja laweza kuangamiza mtambo mzima; iundiwe akaunti isiyo na madaraka. Amri ya «flock» huzuia zamu mpya kuanza kabla ya iliyotangulia kwisha.

Tovuti nyingine hukubali jina lolote. Jaribuni kwanza jina la kubuni kabisa. Tovuti itakayolikubali iondolewe orodhani.