Dhoruba ya Jua Haiunguzi Simu Yako, Ila Inaweza Kukufungia Duka



Kuna zile meseji za WhatsApp zinazosema tuzime simu usiku kwa sababu mionzi ya jua itapita na kutuunguza. Mimi nauza vitenge na madera mtandaoni, duka langu lote liko kwenye simu. Kwa hiyo leo naomba tulipange hili vizuri: kipi cha kupuuza na kipi cha kujiandaa nacho.

Jua likilipuka, wakati mwingine hurusha wingu kubwa la chembe zenye chaji. Wingu hilo kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kutufikia. Hewa na sumaku ya dunia vinatukinga, kwa hiyo wewe huungui na simu iliyo mfukoni haiungui. Shida inaanzia kwenye nyaya ndefu. Sumaku ya dunia ikitikiswa, umeme wa ziada huzuka kwenye nyaya hizo na kuingia kwenye transfoma. Juu huko, satelaiti nazo zinayumba.

Haya si maneno ya vijiweni:

👉 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington aliona mlipuko juani. Saa 17 na ushee baadaye telegrafu za Ulaya na Marekani zilivurugika, hadi baadhi ya wafanyakazi wakapigwa shoti.

👉 Machi 13, 1989, gridi ya Quebec, Canada, ilianguka ndani ya dakika mbili tu. Watu milioni 6 walikaa gizani karibu saa 9.

👉 Februari 2022, SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink. Dhoruba ndogo tu ikazipoteza karibu 40.

👉 Julai 2012, wingu kubwa sana lilikatiza njia ya dunia. Pona yetu, dunia haikuwa sehemu ile siku ile.

Sasa njoo kwetu. Mei 10, 2024 ilipiga dhoruba ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya aina hiyo tangu 2003. Marekani wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na GPS walisimamisha kupanda. Mei 12 intaneti ikasumbua Afrika Mashariki. Hiyo ya kwetu haikuletwa na jua: mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika. Lakini kwa muuzaji maumivu ni yaleyale. Inboksi kimya, oda hazionekani, mteja anadhani umemkimbia na hela yake.

Sisi tulio karibu na ikweta gridi zetu haziko kwenye hatari kama za Canada. Ila GPS huku kwetu inaweza kuyumba, na programu tunazouzia zinategemea mitambo iliyo nchi za mbali. Ikizimika kule, na sisi huku tumefunga.

Mimi nafanya hivi:

✅ Kila Jumapili jioni naandika kwenye daftari majina ya wateja, namba zao, oda na madeni. Kwa kalamu, jamani.

✅ Sihifadhi mtaji wote kwenye simu. Keshi ya mzigo wa siku tatu iko pembeni.

✅ Lokesheni peke yake haitoshi. Namuuliza mteja: "Dada, nyumba iko nyuma ya nini? Geti la rangi gani?" Dereva wa boda anafika hata ramani ikigoma.

✅ Wateja wa karibu wanajua kibanda ninachopatikana mtandao ukikata.

✅ Pawabenki ina chaji muda wote.

Na ukisikia tena "dhoruba inakuja", uliza daraja lake. Kituo cha NOAA kule Marekani huzipima kuanzia G1 hadi G5. G1 hutokea mara nyingi, wala hutaisikia. Wakitangaza G5, sasisha daftari siku hiyohiyo, maana kati ya taarifa na dhoruba huenda una siku moja tu.

Jua hatuwezi kulizuia. Lakini mteja aliyelipa jana anastahili mzigo wake kesho, mtandao uwepo usiwepo.

Simu yako ikizima sasa hivi, una namba za wateja wangapi kwenye karatasi? Niambie hapo chini 👇