Lami Kwenye Magurudumu: Kwa Nini Maji Huishindwa

Barabara inapomwagwa lami mpya na kutandazwa kokoto, gari linalopita hapo mapema mno hutoka na madoa meusi kwenye rimu, kwenye matairi na kwenye bodi nyuma ya magurudumu. Mwenye gari hufika nyumbani akatwaa ndoo ya maji na sabuni, akasugua mpaka mikono ikachoka, na doa likabaki vilevile. Ndipo anapotafuta kitambaa na petroli. Hapo doa huondoka kweli, lakini huweza kuondoka pamoja na vitu ambavyo mwenye gari hakukusudia kuviondoa.

Mafuta ghafi yanapochemshwa katika mnara wa kiwanda cha kusafishia mafuta, petroli hutengana mapema kwa kuwa ni nyepesi, yakafuata mafuta ya taa, kisha dizeli. Masalio mazito yanayobaki chini ndiyo yatengenezwayo lami. Basi lami na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili vimeundwa hasa kwa kaboni na haidrojeni, ila molekuli za mafuta ya taa zina atomu za kaboni zipatazo 10 hadi 16, ilhali za lami ni kubwa zaidi sana. Maji si wa ukoo huo. Molekuli yake ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Kwa sababu hiyo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na lami hukosa pa kuingilia. Walimu wa kemia husema kwamba kinachofanana huyeyusha kinachofanana. Wahandisi wa barabara huitumia kanuni hiyo kwa makusudi: lami iitwayo MC-30, inyunyizwayo juu ya tabaka la msingi kabla ya lami yenyewe, huwa imezimuliwa kwa mafuta ya taa ili ipate kupenya.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba lami si yabisi kamili. Ikiwa baridi, hupasuka kwa nyundo; ikiachwa muda mrefu, hutiririka. Mwaka 1927 Profesa Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alimimina ndani ya faneli aina ya lami iliyo ngumu kuliko ile ya barabarani, na mwaka 1930 akaikata shingo ya faneli. Tone la 9 lilipatikana mwaka 2014! Kwetu sisi maana yake ni nyepesi: doa lililolainishwa na jua la mchana hupakaa kila unaposugua, lakini doa hilo hilo alfajiri, au likimwagiwa maji baridi sana, hukakamaa na kubanduka kwa kijiti.

Sasa tuutazame mpira, maana hapo ndipo penye hatari. Mpira wa tairi nao ni wa ukoo wa kaboni na haidrojeni. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara. Salfa hujenga madaraja baina ya minyororo mirefu ya molekuli. Madaraja hayo huzuia petroli isiuyeyushe mpira, lakini hayazuii petroli kujipenyeza kati ya minyororo na kuuvimbisha. Tena petroli huondoa nta na kemikali zilizotiwa kiwandani ili kuukinga mpira na hewa ya ozoni, na mpira uliopoteza kinga hiyo hupata nyufa upesi.

Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili mbele ya mwalimu wake, mbali na moto. Kata vipande viwili vilivyo sawa vya tyubu kuukuu ya baiskeli, kila kimoja sentimeta 5. Kimoja kitie katika maji, kingine katika mafuta ya taa, na kesho yake vipime tena kwa rula. Uvibonyeze pia kwa kidole.

Kwa rimu na bodi, basi, mafuta ya kula yatosha, yakiwa ya alizeti au mengineyo. Yapake juu ya doa, ngoja dakika 10 au 15, futa kwa kitambaa laini, rudia ikibidi, kisha osha kwa sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta, nayo ndiyo huyachukua mafuta pamoja na lami iliyolainika. Ubavu wa tairi utendewe hivyo hivyo, lakini uoshwe bila kukawia. Uso wa tairi ugusao barabara uachwe. Mwendo wenyewe utausafisha. Petroli isitumiwe kabisa: mvuke wake hushika moto hata katika baridi kali, na ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Mwandishi wa makala haya, akiwa mwanafunzi, aliisafisha rimu ya baiskeli yake kwa mafuta ya taa, ikang'aa, akaridhika. Kwenye mteremko wa kwanza alikamata breki, na mipira ya breki ikateleza juu ya rimu kana kwamba haikuwapo. Migomba ndiyo iliyomsimamisha. Katika gari, mafuta yakifika kwenye diski au pedi za breki hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo tia mafuta kwenye kitambaa, wala usiyamwage kwenye gurudumu, na baada ya kuosha jaribu breki kwa mwendo wa polepole kabla ya kuingia barabarani.